Babu Alipoitikia Ukutani

Kila asubuhi, kabla ya chai, babu alikaa kwenye kigoda nje ya mlango akafunga miguu yake. Alikuwa na vitambaa viwili virefu, vya upana wa vidole vinne, alivyovikata kutoka kwa mfuko wa unga. Alianzia chini ya goti, akazungusha akishuka mpaka kwenye kifundo, akachomeka ncha ndani, halafu akapiga mguu chini mara moja. Kisha mguu wa pili. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Akimaliza ndipo aliuliza, "Chai iko?"

Sokoni Migori walimwita Mzee Keya. Keya ni lile jeshi la Waingereza lililochukua vijana wetu kwenda vita vya Hitla. Kwenye kitambulisho aliandikwa Maurice Ragot Agutu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza stovu na karabai, chini ya mabati, karibu na daraja. Mtu alileta stovu iliyoziba, akapewa jiwe la kukalia, na akingoja alipewa Burma. Matope ya Burma yanayofika kiunoni. Mjapani aliyekaa juu ya mti siku tatu bila kushuka. Hadithi zile nilizijua zote, kwa sababu nilikuwa pale kila siku nikisugua vioo vya taa. Shule niliachia darasa la tano, mama alipoenda Macalder kuchekecha dhahabu akaniacha kwa babu na dani. Dani ni nyanya yangu, Filister.

Kando yetu aliuza tumbaku mzee Mkuria wa Kehancha, jina lake Gisiri. Yeye pia alikuwa Keya, lakini vita hakuvisema hata siku moja. Yeye alisema miguu ya babu.

"Wewe Ragot, hiyo vita yako ulipigania juu ya farasi?"

"Farasi gani?"

"Wenye farasi ndio walifunga kushuka. Sisi wa miguu tulifunga kupanda. Sasa niambie, farasi wako aliitwa nani?"

Watu walicheka, babu naye akacheka. Kesho yake alifunga vilevile, kushuka. Nilidhani ni ubishi tu.

Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa nane, shangazi yangu Marcella alijifungua Nairobi. Dani ndiye alipaswa kwenda kumwona, lakini goti lilimsumbua. Babu akasema ataenda yeye, nami nimsindikize. Dani alimgeukia.

"Unaenda kuona mtoto ama unaenda kwa kile kitu?"

"Vyote viwili."

"Na ukikipata?"

"Nitakuwa nimekipata."

Nilimuuliza babu kile kitu ni nini. Akaniambia kuna mtu wetu mmoja alienda vita akakosa kurudi. Amesikia Nairobi kuna mahali wameandika majina ya wale ambao hawakurudi. Anataka kujua kama mtu huyo ameandikwa.

Shangazi alikaa karibu na soko la Kariokor. Siku ya pili, baada ya kumbeba mtoto na kumwombea, babu alisema tutembee. Nikauliza tupande gari wapi. "Hakuna gari," akasema. "Vita vilitembewa."

Tulianzia hapo sokoni, katikati ya wanawake wanaoshona vyondo. Babu alisimama akaniambia jina la mahali hapo linatoka kwa wabeba mizigo wa vita vya kwanza, vya Mjerumani. Baba yake, Agutu, alikuwa mmoja wao. Walimchukua Karungu akiwa kijana, wakamtwika masanduku ya risasi mpaka Tanganyika, iliyokuwa nchi ya Wajerumani, na walioondoka naye wengi walikufa kwa kuhara. "Alirudi," babu akasema, "lakini mpaka anakufa hakuweka kitu kichwani tena. Hata kofia."

Kutoka pale tulipita katikati ya mji. Babu alitembea haraka, kama mtu aliyechelewa mahali, mimi nyuma yake nikikwepa watu. Tulifika kwenye barabara kubwa yenye miti katikati, na pale wamesimama watu watatu wa chuma, weusi, wakubwa kuliko watu. Wawili ni askari na mmoja amebeba mzigo. Babu alimwendea yule wa mzigo, akainamisha kichwa, akamsalimia kwa Kijaluo.

Kijana wa kung'arisha viatu alikuwa amekaa hapo karibu. "Mzee, huyo hajaitikia mtu tangu nianze kazi hapa. Lete kiatu, mimi nitaitikia."

Babu akaniambia nisome yaliyoandikwa chini. Nilisoma polepole, kuna Kiswahili pia. Yanasema mtu akiipigania nchi yake, hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake.

"Sasa majina yako wapi?" babu akauliza.

Nikazunguka jiwe lote. Hapakuwa na jina hata moja.

"Hawa hawana majina, mzee," yule kijana akasema. Sasa hakuwa anacheka. "Hawa ni wa kila mtu. Majina yako kule makaburini, Ngong Road. Lakini kwa miguu ni mbali."

"Tumetoka Migori," babu akajibu, na tukaenda.

Ilikuwa mbali kweli. Barabara inapanda, magari yanakupulizia moshi usoni. Mara mbili tulikaa chini babu apumue, na mara mbili yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Nilianza kuogopa. Burma alikuwa akiisema akicheka, lakini siku hiyo yote hakuitaja hata kidogo.

Makaburi ya vita yako kati ya miti. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi, mawe meupe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma. Mtu wa kutunza alikuwa Mkisii anayeitwa Kerosi, ameshika makasi makubwa ya nyasi. Alitupokea vizuri, akatupa maji.

"Mnatafuta nani?"

"Agutu," babu akasema.

"Jina lake mwenyewe?"

Babu alivua kofia. Nilimwangalia. Midomo ilitikisika kwanza ndipo sauti ikatoka. "Obiero."

Jina hilo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Kerosi alitupeleka mpaka kwenye ukuta wenye majina, mengi kama siafu. Akasema walio ukutani ni wale wasio na kaburi. Akatuonyesha upande mmoja. "Hawa walikuwa kwenye meli. Mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na nne. Walikuwa wanapelekwa huko Burma, meli ikapigwa wakiwa baharini."

"Walifika Burma lini?" babu akauliza.

"Hawakufika, mzee. Walizama."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kupitisha kidole kwenye mistari, nikisoma mmoja mmoja. Nilipolipata nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimesaidia. Nikalisoma kwa sauti: "Obiero Agutu."

"Niko," babu akasema.

Alisema kama mtoto anayeitwa na mwalimu. Kerosi alicheka. "Aii mzee, hapa usiitikie! Ukiitikia utaandikwa!" Halafu akaona uso wa babu, akaacha kucheka, akachukua makasi yake akaenda kukata nyasi upande mwingine.

Babu alikaa chini. "Nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu, "hilo jina ni langu."

"Lako ni Ragot."

"Ragot ni mdogo wangu. Ndiye yuko majini."

Nitaandika alivyoniambia, kwa sababu nilishika neno kwa neno.

Wakati wa vita hivyo vya pili chifu alitaka kijana mmoja kila boma, na kwenye karatasi yake aliandika jina la mzaliwa wa kwanza. Babu ndiye mzaliwa wa kwanza. Alikuwa ameoa dani miezi mitatu tu iliyopita. Baba yake, aliyebeba masanduku, aliapa hakuna mzaliwa wake wa kwanza atakayechukuliwa. Askari wa chifu walipoonekana mlimani, alimsukuma babu ndani ya ghala, akamfunika kwa mtama.

"Nilisikia wakiuliza, Obiero ni nani? Baba akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, nyakwara. Halafu nikamsikia Ragot akisema, Obiero ni mimi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Niko ndani ya mtama. Punje zimeingia masikioni lakini nilisikia."

"Ukatoka?"

"Nikakaa mpaka jioni."

Ndipo nilipojua kwamba babu yangu hakwenda vita. Keya, Burma, Mjapani wa kwenye mti, vyote aliviokota kwa waliorudi. Na Ragot, ambaye tulikuwa tukiishi Burma yake kila siku chini ya mabati, hata Burma yenyewe hakuiona. Kwenye kadi yangu ya kanisa nimeandikwa Milka Ragot. Nikawa najiuliza mimi ni wa nani.

Lakini huo haukuwa mwisho. Miaka miwili baada ya Ragot kwenda, chifu alileta barua bomani kwamba Obiero amekufa, mwili hakuna. Alikaa kwenye kiti akingoja kuona familia ikilia. Kama wangesema Obiero yuko hai, mzee Agutu angefungwa na Obiero angechukuliwa. Basi wakalia. Sisi Wajaluo, mtu akifa mbali na mwili ukikosa kurudi, tunazika yago badala yake. Ni tunda refu, gumu, zito kama mtoto. Linavikwa, linalazwa kaburini, linaitwa kwa jina la marehemu. Na mtu aliyezikiwa yago amekufa. Hata akitokea baadaye kwa miguu yake, lile lango si lake tena. Akiingia analeta kifo bomani.

Babu alikuwa amejificha kwenye mkonge nje ya boma. Aliona tunda likishushwa. Alisikia mama yake akiliita Obiero. Alimwona dani akinyolewa nywele za ujane. Baada ya wiki chache alihamia Migori na jina la mdogo wake, na watu wa serikali wakaambiwa Ragot amemrithi mjane wa ndugu yake, kama ilivyo desturi. Hakukanyaga kwao tena.

"Mimi nilililiwa nikiwa hai," akasema. "Ragot hakuna mtu aliyewahi kumlilia. Hana hata tunda."

Tulirudi Kariokor kwa miguu vilevile.

Migori tulimkuta dani jikoni akikoroga uji. Hakugeuka.

"Umekipata," akasema.

"Yuko majini, Filister. Hajaliliwa. Miaka hamsini na moja."

"Kwa hivyo?"

"Nitampelekea yago nyumbani. Aitwe jina lake."

Dani aliweka mwiko chini. "Mimi ndiye mwanamke wa pekee Kenya hii aliyerithiwa na mume wake mwenyewe. Nimevumilia, hata nikacheka. Sasa nisikilize. Obiero walishamfukia kwenu Rangwe, nilikuwepo, nilinyolewa. Na Ragot nawe ukamfukie. Utarudi kwangu kama nani? Chai nitampa nani?"

Babu alibaki amesimama na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilitaka mmoja wao apige kelele, hata avunje kitu. Dani alirudia uji wake.

Siku iliyofuata sokoni, babu alimweleza Gisiri yote, kwa sauti ya chini, mimi nikisikia. Nilidhani Gisiri atashtuka kama mimi.

"Omera, ndugu yangu, nilijua tangu mwaka wa kwanza," Gisiri akasema, akikunja majani ya tumbaku. "Mtu aliyekuwa kule haongei sana hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Nikose wa kumcheka?" Halafu akamshika babu bega, na hakuuondoa mkono haraka.

Yago alilipata kwenye mti ulio kando ya mto. Alilifunga kwa shuka, akaliweka kwenye kikapu, akalibeba mwenyewe. Dani alikataa kuja. "Nilishalia pale mara moja, uongo," akasema. "Sasa waliobaki walie ukweli." Alimpa babu shati lililopigwa pasi. Akaingia ndani.

Boma lao liko Rangwe, kabla hujafika Homa Bay. Lina ua wa mnyaa na lango la miti miwili. Mwenye boma sasa ni Joash, mtoto wa ndugu yao wa mwisho, mwanamume wa miaka hamsini, Msabato. Alitoka mbio kutupokea. "Karibuni ndani, mbona mnasimama juani?"

Babu alisimama hatua tatu nje ya lango. "Niitie Bathsheba."

Bathsheba ni dada yao. Mumewe alipokufa alirudi kwao kukaa. Alikuja na mikono myeupe kwa unga wa muhogo, akasimama upande wa ndani. Akamtazama babu kuanzia miguu mpaka usoni. Nilingoja aruke amkumbatie. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Mgeni," akasema, "umetuletea nini?"

Nilihisi kama nimepigwa kofi mimi.

"Nimemleta Ragot," babu akajibu.

"Alifia wapi?"

"Majini, akienda Burma. Jina lake wameandika Nairobi, lakini si lake."

Bathsheba aliweka ile mikono ya unga kichwani na akatoa sauti ambayo sikujua mtu mzee anaweza kuitoa. "Ragot wuod minwa! Ragot wuod minwa!" Mwana wa mama yetu. Wanawake wa maboma ya karibu wakaanza kuja mbio, bado hawajui wanamlilia nani.

Joash alishika mti wa lango. "Waya," akamwambia shangazi yake, "huyu si ni ndugu yako? Mimi ni Msabato, mambo ya matunda sijui. Mzee aingie akae kitini."

Bathsheba alimgeukia, machozi na unga vimechanganyika usoni. "Kaburi la Obiero liko pale, kila msimu unalima kando yake. Ukimwingiza huyu, nani utakuwa umemkaribisha? Una watoto sita humu."

Joash aliwatazama watoto wake waliojipanga ukutani. Mkono wake ukatoka kwenye mti wa lango.

Kikapu nilikiingiza mimi. Walichimba kando ya lile kaburi la zamani. Bathsheba alilivika tunda shati ambalo babu alikuwa amelivua na kumpitishia juu ya lango, lile alilopewa na dani, na wakalishusha wakiliita Ragot, Ragot, mpaka sauti zikakauka. Mimi pia nililia, na sikujua ninamlilia yupi. Nilipotazama kwenye mnyaa, babu alikuwa nje amesimama, kifua wazi, anatazama kupitia mwanya. Uso wake ulikuwa umetulia. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Baadaye Bathsheba alitoka na ugali na samaki mkavu, na koti kuukuu la Joash. Aliviweka chini nje ya lango, kisha akakaa upande wake wa ndani. Babu alivaa koti. Alikula chakula chote.

"Umezeeka," akamwambia dada yake.

"Nyamaza wewe. Wewe umekufa." Na wote wawili wakacheka, kidogo, wakitazama chini. Halafu Bathsheba akasema, "Umemfikisha. Asante, mgeni," akainuka akaenda ndani bila kugeuka.

Nilichukua kikapu. "Kwara," nikamwambia babu, "tukitoka sasa tutafika Migori mapema."

"Migori alikuwa anakaa Ragot," babu akasema. "Umeona tulivyomzika."

"Lakini dani..."

"Dani yako aliniambia. Nilimsikia." Alinipangusa udongo shavuni kwa kidole gumba. "Joash atakurudisha. Wewe uko na watu."

Tangu siku hiyo Migori hakurudi, na Joash alimtafuta Homa Bay mpaka ufuoni, mpaka hospitali, akamkosa. Nilivyomwona mara ya mwisho ni hivi. Aliingia barabarani akashika upande wa Homa Bay, mikono ya koti la Joash ikimfunika vidole, hatua zake za kawaida, si haraka. Nilimkimbilia kidogo, nikasimama, nikaita, "Kwara!" Kulikuwa na wazee watatu barabarani wakitoka sokoni. Wote watatu waligeuka kunitazama. Yeye aliendelea kutembea.